Pima Injini Kabla ya Kuiongezea Nguvu

  Leo tunao wenye malori. Tunao madereva na matingo wao, tunao mafundi wa gereji, na tunao akina mama ambao fedha zao za korosho zimeingia kwenye Canter ya familia. Sogezeni viti, maana lori likifia njiani hasara yake hufika mpaka jikoni.

Mada yetu ni hii. Umenunua lori la dizeli lililotumika. Umelipakia mzigo, ukaona halivuti unavyotaka. Rafiki anakwambia, mwambie fundi aongeze mafuta kwenye pampu. Mwingine anakwambia, funga turbo. Wa tatu, mwenye gari la kisasa kidogo, anakwambia kuna kijana mjini anayebadilisha programu ya kompyuta ya injini, na gari linaondoka na nguvu mpya jioni hiyohiyo. Umeshashika pesa mkononi. Kabla hujaitoa nakuuliza: injini hiyo umeipima?

Neno langu la leo ni hilo, nanyi mtalisikia tena na tena: pima kwanza, ongeza baadaye.

Nawaelewa wanaotaka nguvu. Huku kwetu Kitaya ni bondeni, kando ya Mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji. Mpunga, samaki na korosho za huku lazima zitoke bondeni ndipo zipate soko. Ukielekea Nanyamba, Tandahimba au Newala, unapanda uwanda wa Makonde. Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala hadi Masasi ina kilomita 210, na njia za kuifikia kutoka vijijini ni za mchanga na udongo. Masika kuna matope. Kuanzia Oktoba, korosho zinapoanza kukusanywa, kuna vumbi na jua kali. Dereva amepakia magunia, ameweka gia ya kwanza, injini inanguruma, moshi unatanda, na gari linapanda polepole kuliko mtu wa baiskeli anayeikokota. Hapo nani asingetamani nguvu zaidi? Tamaa hiyo si kosa. Kosa ni kuongeza nguvu kwenye injini usiyoijua hali yake.

Hebu tukumbuke jinsi tunavyofanya na korosho zenyewe. Mkulima akifikisha magunia ghalani, hakuna anayepanga ubora kwa kutazama ganda. Huchukuliwa sampuli, korosho zinakatwa, kiini kinatazamwa kama kimejaa, kimesinyaa au kimeoza, na unyevu unapimwa. Hapo ndipo daraja hujulikana. Sasa, kama gunia la korosho tunalipima namna hiyo, inakuwaje injini ya mamilioni ya shilingi tunaihukumu kwa rangi mpya ya bodi na sauti iliyosikika dakika mbili uwanjani kwa dalali?

Tuingie ndani ya jambo lenyewe. Injini ya dizeli inafanyaje kazi?

Injini ya petroli ina plagi inayotoa cheche. Ya dizeli haina cheche. Mjerumani Rudolf Diesel, ambaye injini yake ilifanikiwa mjini Augsburg mwaka 1897, alitumia njia nyingine: hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inabaki sehemu ndogo sana ya ujazo wake. Katika injini za magari tunayoyatumia, hewa hubanwa kiasi cha mara 16 hadi 22. Ikibanwa hivyo inapata joto la zaidi ya nyuzi 500. Dizeli inapopulizwa na nozeli ndani ya hewa hiyo ya moto, inawaka yenyewe.

Umeona sasa siri iko wapi? Iko kwenye kubana. Mafundi wetu huita kompresheni. Ringi zikilika, valvu zisipofunga vizuri, au gaskiti ya silinda hedi ikitoboka, hewa haibanwi sawasawa, na injini haina tena kile kinachoiwasha. Sasa wewe ukiongeza mafuta kwenye injini ambayo hata mafuta ya mwanzo haiyachomi yote, unaongeza nini? Unaongeza moshi, na joto mahali pabaya. Nguvu huioni, au unaiona kwa majuma machache kisha gari linakwenda kulala chini ya mwembe.

Kuongeza nguvu, kwa njia yoyote ile, maana yake ni kuchoma mafuta mengi zaidi ndani ya silinda zilezile. Ukifungua skrubu ya pampu, mafuta yanaongezeka. Turbo husukuma hewa nyingi zaidi ili mafuta mengi zaidi yaungue; ni ufundi wa Mswisi Alfred Büchi, aliyesajili hataza yake mwaka 1905. Ukibadilisha programu ya kompyuta, unaiamuru injini ipulize mafuta mengi zaidi au kwa wakati tofauti. Zote hizo zinaongeza joto na msukumo juu ya pistoni, ringi, gaskiti, beringi na krankishafti. Injini nzima inaweza kuvumilia nyongeza ya kiasi. Injini iliyochoka, kila ufa wake mdogo utakuwa mkubwa.

Haya, ndugu msikilizaji. Tuanze kupima. Nitakwenda hatua kwa hatua, nawe chukua karatasi na kalamu.

Hatua ya kwanza: fika asubuhi, injini ikiwa baridi. Iwe ni gari unalotaka kununua au lako la siku nyingi, lipime kabla halijawashwa. Weka kiganja juu ya injini. Kama ni ya vuguvugu, mwenye gari ameiwasha kabla hujafika, na unayo haki ya kuuliza kwa nini. Injini ya moto huficha mengi. Ya baridi husema kweli. Iwashe, uhesabu inachukua muda gani kushika. Injini nzima, yenye betri nzuri na plagi za joto zinazofanya kazi pale zilipo, katika hali yetu ya joto la pwani inapaswa kuwaka bila kusumbua. Inayohitaji kusukumwa kila asubuhi, hapa penye joto namna hii, ina jambo.

Hatua ya pili: tazama moshi. Moshi una rangi tatu, na kila rangi ina habari yake. Mweusi, hasa gari likiwa na mzigo mlimani, unasema mafuta ni mengi kuliko hewa: huenda chujio la hewa limeziba, bomba la turbo limepasuka, au pampu tayari imefunguliwa na mtu kabla yako. Zingatia hilo la mwisho. Malori mengi yaliyotumika yamekwisha kuongezwa mafuta, nawe unataka kuongeza juu ya nyongeza! Moshi wa bluu unasema injini inaunguza oili, kupitia ringi, mihuri ya valvu au turbo. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto unasema dizeli haiungui, au maji ya kupozea yanaingia ndani ya silinda. Nausema tena: mweusi ni mafuta kuzidi hewa, bluu ni oili, mweupe usiokoma ni dizeli isiyoungua au maji.

Hatua ya tatu: fungua kifuniko cha kujazia oili, injini ikiunguruma taratibu. Mafundi wanasema injini "inapumua". Kupumua kidogo ni kawaida. Lakini kama moshi unatoka kwa nguvu, unasukumwa kwa vishindo, na kifuniko ukikilaza juu ya tundu kinarushwa, hiyo ni gesi inayopenya kando ya ringi na kushuka kwenye sehemu ya oili. Ringi zimechoka, au silinda zimelika. Injini ya namna hiyo usiiguse kwa jambo la kuongeza nguvu. Hiyo inahitaji kufunguliwa, si kufungwa turbo.

Papo hapo vuta stiki ya oili. Oili ya dizeli kuwa nyeusi si ugonjwa. Huwa nyeusi mapema kwa sababu ya masizi. Ugonjwa ni pale ikigeuka rangi ya maziwa, maana imechanganyika na maji. Ugonjwa ni pale kipimo kinapanda badala ya kushuka, na oili ina harufu ya dizeli, maana dizeli inavujia ndani na oili inapoteza utelezi. Pia uwe na macho na oili nzito kupita kawaida. Wapo wauzaji wanaotia oili nzito ili kunyamazisha injini inayogonga. Ukiwa na shaka, mwaga oili hiyo, weka ile inayotakiwa na mtengenezaji, kisha usikilize upya.

Hatua ya nne: upoaji. Wenzangu wa pwani, hapa tusikilizane vizuri. Wengi wetu tunajaza rejeta kwa maji ya kisima, na visima vingi vya ukanda huu vina chumvi. Maji hayo yanaleta kutu na magamba ndani ya njia za maji, mirija ya rejeta inaziba, pampu ya maji inalika. Juu ya hilo kuna desturi ya mafundi kuing'oa thamostati gari likichemsha, kisha kuambiana kwamba tatizo limekwisha. Thamostati imewekwa ili injini ifikie joto lake la kazi haraka na kubaki hapo. Ukiing'oa, ulichofanya ni kuuficha ugonjwa wa rejeta au gaskiti, na injini inaanza kufanya kazi nje ya joto lililokusudiwa. Basi, injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta. Kamwe usikifungue ikiwa ya moto. Watu wameungua nyuso. Tazama kama kuna kutu, kama kuna utando wa oili. Kisha iwashe. Ukiona mapovu yanapanda mfululizo, au mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha, gesi ya silinda inapenya kwenye maji: gaskiti imetoboka au hedi imepinda au kupasuka.

Je, mtu mwenye gari la kuchemsha anafaa kuongeza nguvu? Jibu mnalo. Nguvu zaidi ni joto zaidi. Kama rejeta inashindwa joto la leo, itaweza la kesho?

Hatua ya tano: njia ya hewa. Huku kwetu vumbi ndilo adui mkubwa wa injini. Chomoa chujio la hewa, kisha futa kwa kitambaa safi ndani ya bomba linaloelekea kwenye injini, upande wa baada ya chujio. Kitambaa kikitoka na vumbi, mchanga umekuwa ukipita ndani, na mchanga husaga ringi na silinda bila kelele. Angalia klipu, angalia mipira iliyopasuka. Kama lina turbo, toa bomba lake ushike shafti kwa vidole, injini ikiwa imezimwa na imepoa: izunguke kwa wepesi, isigongegonge pembeni, mapanga yake yasiwe yamelika wala kugusa nyumba yake. Oili nyingi ndani ya mabomba ni onyo.

Hatua ya sita ndiyo hakimu: pima kompresheni kwa geji. Wengi huiruka kwa sababu inahitaji kifaa na saa chache za kazi. Nakuomba usiiruke. Fundi huitoa nozeli au plagi ya joto, anafunga geji kwenye tundu lake, anazungusha injini kwa stata huku mafuta yamekatwa, anaandika namba ya kila silinda. Injini iwe na joto la kazi, na betri iwe na nguvu, la sivyo namba zitadanganya. Kiwango cha chini kinachokubalika hutajwa katika kitabu cha injini husika, kwa hiyo usikubali namba ya kukisia. Jambo la pili, na pengine kubwa zaidi, ni usawa. Silinda zote zikaribiane. Kama moja imeachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi hivi, usiende mbele kabla ya kujua sababu. Lori haliwezi kuvuta vizuri kwa silinda tatu zenye afya na ya nne mgonjwa, na nyongeza yoyote utakayoiweka itamwangukia huyo mgonjwa kwanza.

Hatua ya saba: nozeli na pampu. Zitolewe zipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Nozeli nzuri inapuliza dizeli ikiwa ukungu. Nozeli mbovu inatiririsha au inadondosha, na dizeli inayodondoka juu ya pistoni inawaka mahali pamoja mpaka inatoboa. Pistoni nyingi ni za alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi. Kinachoilinda kila siku ni mafuta kuungua kwa mpangilio na joto kuondoka upesi kupitia oili na maji. Ukivuruga mpangilio huo kwa nozeli mbovu halafu ukafungua pampu, umeichimbia pistoni kaburi.

Tahadhari moja hapa, na naisema kwa uzito wote. Mafundi wetu wa injini za zamani wamezoea kulegeza nati za mabomba ya nozeli moja moja, injini ikiunguruma, ili kujua silinda ipi haifanyi kazi. Kwenye injini za kisasa zenye reli moja ya mafuta na kompyuta, usithubutu kabisa. Msukumo ndani ya mabomba hayo huweza kupita baa 1,000, na dizeli ya msukumo huo hupenya ngozi na kuingia mwilini. Kijana amepoteza kidole, mwingine mkono. Gari la kompyuta lipimwe kwa kifaa cha kompyuta.

Nikiwa bado kwenye pampu, tuzungumze mafuta yenyewe. Mnakumbuka miaka ile mafuta ya taa yalivyokuwa rahisi kuliko dizeli, na watu wakachanganya? Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba, yaani alama ya kuyatambua yaliyochanganywa, kwenye mafuta mwaka 2010, na katika bajeti ya mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi. Kiufundi, ubaya wa kuchanganya ni kwamba dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. Pampu inajisaga yenyewe. Leo vijijini hatari kubwa zaidi ni maji na uchafu kwenye madumu. Dumu limekaa nje na mvua, limefunguliwa na kufungwa, na dizeli hiyo inaingia kwenye tangi. Toa maji yaliyojikusanya kwenye chujio la dizeli mara kwa mara, na dizeli ya dumu ichujwe kabla ya kutiwa. Lori lililolishwa mafuta machafu kwa miaka, pampu yake lazima ikaguliwe kabla ya jambo lingine lolote.

Hizo ni hatua saba. Nazitaja tena kwa ufupi kwa aliyechelewa kufungua redio: washa ikiwa baridi, soma moshi, sikiliza pumzi na utazame oili, kagua upoaji, kagua njia ya hewa, pima kompresheni, kisha nozeli na pampu.

Sasa, ndugu zangu, nifike kwenye kiini cha mazungumzo yangu. Mara nyingi mtu akimaliza hatua hizo saba na kurekebisha alichokikuta, anagundua kwamba ile nguvu aliyotaka kuinunua ilikuwa yake tangu mwanzo. Ilikuwa imepotea. Imepotelea kwenye chujio lililoziba, kwenye mpira wa turbo uliopasuka, kwenye valvu ambazo hazijarekebishwa uwazi wake kwa miaka, kwenye nozeli mbili zilizochoka, kwenye breki inayokwaruza gurudumu muda wote. Chukua Canter yenye injini ya 4D33. Ni injini ya lita 4.2, silinda nne, bila turbo kutoka kiwandani. Iliundwa kubeba mzigo wake kwa utulivu na kuishi miaka mingi. Au chukua Land Cruiser yenye 1HZ, silinda sita, lita 4.2 vilevile, nayo haina turbo. Sifa za injini hizi kote Afrika Mashariki zimetokana na uvumilivu, na uvumilivu huo umejengwa juu ya kutolazimishwa kupita kiasi. Je, si busara kuirudishia kwanza nguvu yake ya kiwandani, uipande nayo barabara ya Nanyamba, ndipo uamue kama bado unahitaji zaidi?

Kwa hiyo ninapokwambia pima kwanza, sikuzuii kuongeza. Nakwambia huenda kupima kukakuokolea gharama yote ya kuongeza.

Na kama umepima, umerekebisha, injini ni nzima na bado unataka nyongeza? Basi fanya kwa adabu. Ongeza kidogo, kitu kimoja kwa wakati, na baada ya kila kitu liendeshe lori na mzigo wako wa kawaida kabla ya kugusa kingine. Hewa itangulie mafuta. Funga geji ya joto la moshi kwenye bomba la ekzosi, karibu na injini, dereva aione. Joto likikaribia nyuzi 700 na kukaa hapo mlimani, punguza mguu, shusha gia. Ukiona moshi mweusi mzito, hiyo ni dizeli uliyolipia inayopotea hewani. Fundi aliyekwambia moshi ni dalili ya nguvu hajakwambia kweli.

Kumbuka pia kwamba nguvu haiishii kwenye injini. Inapita klachi, giaboksi, propela shafti na difu. Klachi inayoteleza leo itaungua kesho. Halafu kuna breki. Wenzangu, kila tunakopanda tutashuka. Lori lililoongezwa nguvu litapandisha mzigo juu kwa furaha, lakini kuushusha ni kazi ya breki, na breki haziongezeki kwa kufungua pampu. Kabla ya kununua turbo, nunua breki. Nalirudia kwa ajili ya familia zinazopanda juu ya mizigo na kwa ajili ya watoto wanaotembea kandokando ya barabara kwenda shule: kabla ya turbo, breki.

Wala nguvu mpya si kibali cha kuzidisha mzigo. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaweka ukomo kwa kila ekseli, na uzito wa juu kabisa kwa lori kubwa na tela lake ni tani 56. Mizani haikuulizi injini yako ina nguvu kiasi gani. Na hata pasipo na mizani, chasisi, springi na tairi zinajua kilichopakiwa.

Kuna jambo moja la mwisho, na ninaliona ndilo mzizi. Katika gereji zetu tunamlipa fundi kwa kufunga na kufungua. Hatumlipi kwa kutazama. Fundi akikagua injini kwa saa tatu, kisha akakwambia, "Mzee wangu, gari hili usilifunge turbo, ringi zake zimekwisha," unamshukuru kwa mdomo unaondoka. Yeye siku hiyo amelala njaa. Akikwambia, "Lete, tunafunga," analipwa. Basi tunashangaa nini mafundi wakinyamaza? Sisi ndio tumewafundisha kunyamaza.

Tubadilishe desturi hii. Patana na fundi bei ya ukaguzi peke yake, mlipe hata kama jibu ni hapana, na mwombe akuandikie alichokiona: namba za kompresheni, hali ya oili, hali ya rejeta. Ikiwezekana, anayekagua asiwe yule anayekuuzia turbo au programu. Vijana wanaotoka chuo cha VETA Mtwara na vyuo vingine wakiwa na ufundi wa magari wanaweza kuijenga kazi hii wenyewe: geji ya kompresheni, daftari, na sifa ya kusema kweli. Wamiliki watatu wanne wa Kitaya wakichangia geji moja, inawatosha kwa miaka.

Na wewe unayeuza lori, mpe mnunuzi nafasi ya kupima. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Ukisema mapema kwamba silinda ya tatu inasumbua, bei itashuka kidogo, lakini jina lako halitashuka. Mnunuzi naye alinganishe namba ya injini na ya chasisi na zile zilizo kwenye kadi ya gari. Injini iliyobadilishwa bila kuandikwa kwenye kadi itakuletea maswali mbele ya safari.

Muda wetu unakwisha. Kama msimu huu umeuza vizuri na unawaza kuliongezea lori lako nguvu, juma hili fanya moja tu: tafuta fundi mwenye geji, mpe siku, mlipe kazi ya kupima. Majibu akikuandikia, yasome na familia yako kabla ya kutoa shilingi nyingine. Pima kwanza, rekebisha kilichoharibika, ongeza baadaye kama bado kuna haja.

Madereva mlioko njiani, endesheni kwa uangalifu, mfike salama.